Mfungieni Ognyan Mkanda

Uliniacha natoka kwenye yadi ya magari ya mitumba ya Gatso, usukani mkononi, mke wangu Temenuga na binti yetu Rada wamekaa nyuma, na kiti cha mbele kando yangu kitupu kabisa. Na hicho kiti kitupu ndicho kikaanza kulia.

Ti. Ti. Ti.

Mlio huo unaujua. Ni gari linakwambia kuna mtu hajafunga mkanda.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, nampa mambo kwa ufupi. Mimi ni Spas, wa hapa Pernik, Bulgaria, kwenye maghorofa ya nyuma ya mgodi wa zamani. Mwaka jana, mvua za vuli, shemeji yangu Ognyan, kaka yake Temenuga, alikufa barabara ya korongoni akiwa kwenye kigari chake cha kijani. Alikutana uso kwa uso na shangingi. Kigari kikakunjwa kama karatasi ya maandazi. Mwenye shangingi akafungua mlango, akashuka, akapangusa koti.

Tangu hapo Temenuga hakutaka Rada akanyage ndani ya kigari chetu. Mwisho akanipa sharti: nipate gari kubwa kabla Ognyan hajatimiza mwaka kaburini, au anamchukua mtoto anahamia kwa mama yake Kyustendil, na kurudi hakuna. Nikatania. Hakucheka. Nikarudi nyumbani nikakuta masanduku mlangoni. Nikauza kigari, nikaenda kwa Gatso.

Mimi nililipenda la kijivu. Temenuga aliyapita yote, akafika kwa jeusi moja kule mwisho, akaweka kiganja kwenye boneti. "Hili," akasema.

Gatso akaapa limetoka Ujerumani, lilikuwa la babu mmoja daktari wa meno, akiliendesha Jumapili tu kwenda kanisani. Bulgaria nzima magari yetu yalikuwa ya huyo babu. Sijui alikuwa anasali makanisa mangapi.

Haya, tuendelee na balaa.

Nilimpigia Gatso palepale.

"Gatso, kiti kinalia na hakuna mtu."

"Sensa ya uzito hiyo, ndugu yangu. Kiti kinadhani kimekaliwa."

"Kimekaliwa na nani?"

"Weka mfuko wa viazi, ufunge mkanda, maisha yaendelee."

"Viazi ndiyo vitakinyamazisha?"

"Mkanda ndiyo utakinyamazisha. Viazi utakula."

Nilicheka. Ningejua nisingecheka.

Kesho yake nikaenda stendi kumpokea mama mkwe wangu, Bogdana, amekuja kwa ajili ya kumbukumbu ya mwaka wa mwanawe. Mama mwenye umbo dogo, nguo nyeusi mwaka mzima, mdomo kama wembe. Miaka mitatu nilisoma uhandisi chuoni Sofia nikaacha, basi jina langu kwake ni Injinia Nusu.

Akapanda nyuma. Nikawasha gari.

Ti. Ti. Ti.

"Nini kinalia, Injinia Nusu?"

Mtu mwenye akili zake angesema sensa. Mimi domo likaniponza. "Ognyan huyo, mama. Si unajua alivyokuwa hapendi mkanda."

Utani tu! Nilitaka acheke, maana mwaka mzima meno yake sijayaona.

Hakucheka. Alikitazama kile kiti mpaka basi la nyuma likatupigia honi. Kisha akasema kwa sauti ile ya kumkaripia mtoto anayetoka bila kofia:

"Mfungieni mkanda."

"Mama, mimi nilikuwa natania..."

"Spas. Mfungie mwanangu mkanda."

Siku hiyo aliniita jina langu. Nikavuta mkanda juu ya kiti kitupu, nikaubofya.

Kimya.

Bogdana akaegemea nyuma, akafumba macho. "Unaona," akasema. "Alikuwa anangoja aambiwe tu."

Kabla hatujafika taa za kwanza, mama wa watu alikuwa anakoroma. Temenuga aliniambia mama yake hajalala vizuri tangu mazishi. Humo ndani ya shangingi, analala kama mtoto mchanga.

Basi nikawa nimenaswa na mdomo wangu mwenyewe. Kiti cha mbele hakikaliwi na mtu. Mkate nyuma, begi nyuma, mke nyuma. Mimi mbele peke yangu kama dereva wa kukodi, kando yangu mkanda umekumbatia hewa. Bogdana akipanda anasema, "Umeamkaje, mwanangu," na hasemi na mimi. Rada akaanza kumwekea mjomba biskuti kwenye kiti.

Biskuti ya Jumatano niliila mimi. Sikuthubutu kusema.

Ya Alhamisi sijui nani aliila.

Ijumaa nikamkuta mzee Metodi pale tunapoegesha. Jirani wa ghorofa ya chini, mchimba makaa mstaafu. Naye kanunua shangingi, refu mpaka anapanda kwa kigoda cha jikoni.

"Mzee Metodi, na hilo jumba unaenda nalo wapi?"

"Kununua mkate."

"Duka si hilo hapo ng'ambo?"

"Na wenzangu nao wananunua mkate hapo hapo. Umemwona yule wa ghorofa ya tano? Kaja na lenye matairi kama ya trekta. Anigonge yule nipo kwenye kigari, mtakuja kunikwangua na kijiko."

"Kwa hiyo umenunua hili kwa kumwogopa yeye."

"Ndiyo."

"Na yeye kanunua lile kwa kumwogopa nani?"

Mzee akafikiri. Akajikuna. "Mimi."

Tukacheka mpaka akakohoa. Halafu jicho lake likaangukia kwenye kiti changu cha mbele, mkanda umefungwa, mtu hayupo. Kicheko kikamwishia. Akafanya ishara ya msalaba.

"Hilo lililokaa humo litatuletea maneno, Spas. Litoe."

"Nitalitoaje?"

"We mtoto wa Pernik unaniuliza mimi swali hilo? Kila Januari navaa ngozi na kengele nafukuza mashetani wa mji mzima, nishindwe na kiti kimoja? Kesho nakupa kengele yangu ile kubwa. Uifunge ndani ya bampa, mama mkwe asiione. Barabara ikiitikisa mara tatu nne, huyo aliyekaa hapo anashuka mwenyewe."

Nusu nilicheka, nusu niliamini. Hata wewe ungechukua kengele.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Ognyan anatimiza mwaka. Tangu asubuhi Bogdana anabandika karatasi mpya za msiba zenye picha yake: langoni, kwenye nguzo, kwenye kituo cha basi. Popote unapogeuka, Ognyan anakutazama na masharubu yake na kile kitabasamu cha mtu anayetaka kukukopa sigara.

Mimi nikatumia nafasi hiyo. Metodi amesimama na kengele, kubwa kama sufuria, mimi nimelala chali chini ya shangingi na spana. Bampa najua kuvua, hilo hata Injinia Nusu anaweza.

Bampa yenyewe ilikuwa mpya. Chuma cha nyuma yake kilikuwa cha zamani, kimepigwa nyundo kikanyooshwa. Hapo ndipo nikajua yule babu wa kanisani hakuwa mtulivu kihivyo.

Kwenye mkunjo wa chuma, pale brashi ya fundi haikufika, kulikuwa na rangi.

Kijani.

Ingekuwa kijani tu ningesema ajali za watu. Lakini kijani hiki kilikuwa kinameta.

Ognyan gari lake alilipaka mwenyewe, kwa brashi. Alichukua rangi iliyobaki walipopaka uzio wa chekechea, ikawa haitoshi, akaichanganya na rangi ya fedha tunayopakia mabomba ya majiko. Mimi ndiye niliyemshikia kopo. Mtaa mzima tulimcheka, tukakiita kigari Kambale. Rangi ile haikuwepo kwenye gari jingine duniani, maana hakuna mwingine aliyekuwa mjinga kiasi hicho.

Nilipitisha kidole. Kikarudi na vumbi la kijani linalometa.

"Umekwama?" Metodi akainama. Akaona kidole.

Rangi ya fedha ilitoka kwenye kibanda chake yeye.

"Babu daktari wa meno," akasema taratibu.

"Nyamaza, mzee."

"Spas, hili ndilo lili..."

"Nyamaza! Anakuja!"

Bogdana alikuwa anashuka ngazi na sufuria ya ngano ya kuchemsha na sukari, chupa ya divai kwapani, karatasi moja ya msiba imebaki mkononi. Nikafunga kengele haraka haraka, nikarudisha bampa vyovyote vile. Ikakaa upande, kama mdomo wa mtu aliyepooza.

"Mbona umepauka hivyo?" Bogdana akaniuliza. "Utafikiri wewe ndiye unayetimiza mwaka."

Metodi akageukia ukuta, akajifanya anakohoa.

Bogdana akafungua mlango wa mbele, akatoa gundi ya karatasi mfukoni, akaibandika ile karatasi kwenye kioo cha dirisha, picha ikitazama nje. Akarudi nyuma hatua moja kuangalia kazi yake. Ognyan alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anachungulia dirishani. Ndani ya gari lililomuua.

"Sasa ndiyo," akasema mama yake. "Twendeni."

Nisemeje? Nikisema, mama anarudi kwenye kukesha. Shangingi halipandwi tena, kigari nimeuza, masanduku yanarudi mlangoni na mwanangu anaondoka. Nikinyamaza, kila siku namfungia marehemu mkanda ndani ya jeneza lake.

Nikawasha gari.

Bogdana, Temenuga na Rada wamekaa nyuma. Makaburi yako juu ya kilima, unapita kwanza barabara kuu. Shimo la kwanza tu: go-o-ong.

"Nini hicho?" Temenuga akauliza.

"Kengele ya mzee Metodi."

"Inafanya nini huko mbele?"

Nikaongeza gia. Kwenye kioo nilimwona ananitazama.

Bogdana ndiye alikuwa na furaha. "Unajua, mkwe wangu, mwaka mzima nimeogopa barabara. Basi likikata kona, moyo unasimama. Humu siogopi. Humu hata kije nini, hakitufikii." Akanyoosha mkono, akakigusa kile kiti begani. "Ungekuwa na hili, mwanangu, leo ungekuwa hai."

Alikuwa nalo, mama. Lilikuwa mbele yake.

Shimo jingine. Go-o-ong. Mkanda ulikuwa umefungwa, nauona kwa macho yangu, nao mlio ukaanza.

Ti. Ti. Ti.

"Ametambua njia," Rada akasema.

Mtoto huyu wa miaka sita. Nusura nitie gari mtaroni.

Tulipofika juu mlio ulikuwa umekoma. Bogdana akamshika Rada mkono, wakaenda kaburini na ngano na divai. Temenuga hakushuka. Mimi pia sikushuka. Ufunguo uko mahali pake, kipasha joto kinavuma, mvua nyembamba kwenye kioo.

"Umefungua bampa," akasema kutoka nyuma.

"Nilikuwa nafunga kengele."

"Umeona."

"Temi, Gatso katuuzia balaa. Hili gari ndilo..."

"Gatso hajui kitu. Nililitafuta mimi."

Nikageuka mzima mzima.

"Nililiona uani kwa polisi," akasema, "nilipokwenda kuchukua vitu vya kaka. Kambale alikuwa kama kitambaa kilichokamuliwa. Hili lilikuwa pembeni yake, limesimama tu. Taa moja imepasuka. Taa moja, Spas! Nikalizunguka. Waliponiambia limeuzwa, nikapiga simu yadi moja baada ya nyingine mpaka nikalipata. Halafu ndiyo nikakupa lile sharti."

"Lakini limemuua kaka yako!"

"Ndiyo maana nimelitaka." Hakuwa analia. Bora angelia. "Mimi nataka Rada akae ndani ya linaloua, asikae ndani ya linalouawa. Kwani unadhani mzee Metodi kanunua nini? Yule wa ghorofa ya tano kanunua nini? Wote wamenunua hiki hiki. Mimi nimelitafuta kwa jina lake tu."



"Na mama yako?"

"Mama analala. Umemwona anavyolala? Ukimwambia, Spas, mimi na mtoto hutuoni."

Hapo likaingia gari jeupe. Lilikuja taratibu kwenye njia ya makaburi, pana mpaka matawi yanakwangua pande zote mbili. Mimi na shangingi langu nikalazimika kurudi nyuma majanini, kama mbuzi anayempisha ng'ombe. Likasimama. Akashuka bwana mmoja, koti la kijivu, maua manne mkononi; kwetu maua yanayogawika kwa mbili ni ya wafu.

"Iskrov," Temenuga akanong'ona.

Nami nikamtambua kutoka mahakamani. Mahakama ilisema kosa ni la mvua, akaenda zake. Ndiye yule aliyepangusa koti.

"Nilijua atanunua kubwa zaidi," mke wangu akasema.

Bogdana alimwona. Nilidhani atamrushia chupa. Akamkaribia na bilauri ya ngano na kijiko, maana aliyekuja kwa marehemu hula, hata awe nani.

"Umekuja."

"Nimekuja, mama. Mungu amrehemu."

"Amrehemu. Kula."

Iskrov akala. Kijiko cha kwanza, cha pili. Halafu macho yake yakatufikia. Bampa imekaa upande. Picha ya Ognyan dirishani. Mkanda umefungwa juu ya kiti kitupu. Kijiko kikasimama hewani.

"Zuri, eh?" Bogdana akasema kwa majivuno. "La mkwe wangu. Humo ndiyo nalala usingizi."

Nikaruka nje. Nilitaka niseme lolote, utani wowote, nimgeuze uso. Maisha yangu yote mdomo haujawahi kuninyima utani. Siku ile ukaninyima.

Iskrov akameza.

"Mama," akasema. "Kile kiti cha mbele. Bado kinalia?"



"Wewe umejuaje kwamba kinalia?" Bogdana akauliza.

Hakuweza kumtazama. "Kwangu kilianza siku ile ile. Nikabadilisha kiti. Nikabadilisha tena. Mwisho nikaliuza."

Bogdana si mjinga. Alimtazama yeye, akalitazama gari, akanitazama mimi. Kisha akamtazama binti yake, aliyekuwa ameteremsha kioo.

"Nani kati yenu alijua?"

Temenuga akatikisa kichwa, kulia, kushoto. Kwetu hiyo ni ndiyo.

Nilingoja yowe. Bogdana hakupiga yowe. Alikwenda mlango wa mbele, akaufungua, akafyatua mkanda. Ukarudi mahali pake taratibu.

"Shuka, mwanangu," akasema. "Humo si mahali pako. Shuka."

Akasubiri kidogo, kama mtu anayempisha mwenziwe. Kisha akafunga mlango.

Nikategea sikio. Ufunguo upo, taa za dashibodi zinawaka, mkanda umefunguliwa. Kiti kilipaswa kulia mpaka mlimani. Hakikulia.

"Rada, njoo," Bogdana akasema. "Sisi tunakwenda kwa miguu."

"Mama!" Temenuga akatoka mbio. "Ile ni barabara kuu! Magari yanapita kama risasi!"

"Yapite. Mna lenu, pandeni."

Akageuka, mtoto mkononi, wakashuka njia ya lango. Mke wangu amesimama matopeni, hajui amkimbilie mama au alishike gari. Mimi nikapiga hatua mbili kuwafuata.

Ti.

Nikasimama.

Ti. Ti.

Haukutoka kwetu. Ulitoka kwenye lile jeupe. Injini imezimwa, milango imefungwa, ndani hakuna mtu.

Iskrov akafungua kiganja chake polepole. Funguo zilikuwa humo, zimelowa mvua.

Kule langoni Rada akageuka. Akakitazama kiti cha mbele cha gari jeupe, akatabasamu, akapunga mkono.